Mpingo Uliomeza Sauti

Pale Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago, ukimuulizia Kasimiri utaulizwa kwanza unamtaka Kasimiri yupi, wa twiga au wa maiki. Wa twiga ni mwingine, mrefu, mpiga soga, na ukikaa naye huondoki mikono mitupu. Wa maiki ndiye huyu wetu: Mmakonde wa Newala, umri miaka hamsini na tisa, mfupi, mikono mipana, mdomo mzito. Watalii hawamwelewi na yeye hana haraka ya kueleweka. Hukaa ameipa barabara mgongo, na mteja akitaka bei lazima azunguke.

Maiki alianza kuzichonga miaka minne iliyopita, bila kutarajia. Nurdin, kijana mwenye studio ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa kioo, Mikocheni, nyuma ya gereji ya kunyoosha bodi za magari, alimjia siku moja na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na maiki yake pekee ya maana. Rafu ilikuwa imeanguka, spika ikatua juu yake, ganda likabonyea kama kopo la maziwa lililokanyagwa na gari.

"Shikamoo mzee. Mwili umekufa huu, ila roho nzima," alisema, akamwonyesha kisahani cha rangi ya dhahabu, chembamba kama ganda la kitunguu. Kisahani hicho ndicho kinachopokea sauti. Vingine vyote ni nguo tu, kwa maneno ya Nurdin siku ile, na baadaye alikuja kuyajutia.

Kasimiri alimtengenezea ganda jipya kwa bomba la plastiki, lile la kijivu la maji machafu. Nurdin alimpa vipimo na Kasimiri akavifuata: matundu mapana mbele, matundu mapana nyuma, wavu wa chuma kuzunguka. Lilikuwa baya kulitazama, lakini kazi ilikwenda. Wanakwaya wakaimba humo, vijana wa singeli wakapiga kelele zao humo, wahubiri wakatubisha watu humo. Sifa zikasambaa, na wenye studio za Sinza na Tandika wakaanza kumletea visahani vyao na vipimo vyao. Aliwachongea maganda kama anavyochonga miguu ya stuli. Akipewa kipimo anafuata kipimo, na kwa nini tundu liwe hapa na si pale hakuwahi kuuliza.

Sasa tumtaje Editha, mkewe, maana habari hii ni yake zaidi.

Editha alikuwa mwalimu wa chekechea kule kule wanakoishi, Mlalakuwa, kwa miaka ishirini na nne. Mwili wake mdogo, lakini sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Mtoto anayechezea maji ya mtaro upande wa pili wa uwanja aliyaacha kabla jina lake halijafika silabi ya mwisho. Watu wazima wa mtaa ule, wenye ndevu na mikopo ya pikipiki, bado wakimsikia Mwalimu Editha walikuwa wanasimama wima bila kujijua.

Masika yale sauti ikaanza kukwaruza. Wakasema chaki. Akanywa tangawizi, akanywa asali na malimau, akafunga kitambaa shingoni. Mwezi wa sita akaenda hospitali, na daktari, mama mmoja mpole asiyezungushazunguka maneno, akamwambia kuna uvimbe wa aina mbaya kwenye kisanduku cha sauti. Kisanduku chote kitatolewa. Atapumulia tundu la shingoni, na kuongea kama zamani ndiyo basi. Tarehe ya upasuaji akapewa, wiki sita mbele.

Siku hiyo waliporudi nyumbani Editha hakulia. Aliondoa vyombo mezani, akakaa, akasema anataka kurekodi sauti yake. Binti yao Felicitas, aliyeolewa Masasi, alikuwa na ujauzito, mjukuu wa kwanza.

"Huyo mtoto asije akaambiwa bibi yake alikuwa bubu," alisema Editha. "Nataka anisikie."

Kasimiri akaenda kwa Nurdin asubuhi yake. Nurdin akamjibu papo hapo, "Mama aje hata kesho, mzee. Maiki ipo, ile ile ya bomba."

"Sauti ya mke wangu haiingii kwenye bomba la choo," Kasimiri akasema.

Hapo ndipo alipokosea, na tuseme wazi, hakukosea kwa ubaya. Mtu umekaa na mwanamke miaka thelathini na mmoja, hujawahi kumwandikia barua, hujawahi kumwambia neno tamu ambalo halikuhusu chakula. Leo unaambiwa sauti yake inakwenda, na kitu unachokijua duniani ni kuchonga. Utafanya nini? Alikuwa na gogo la mpingo alilolitoa Newala miaka tisa nyuma, limenyooka, halina ufa, analiweka chini ya kitanda akisubiri kazi ya kulistahili. Alikichukua kile kisahani kwa Nurdin, akalipasua lile bomba kwa mkono wake, kwa furaha kabisa, akaenda zake Mwenge. Vipimo vya matundu safari hii hakuviuliza.

Alichonga siku ishirini na tano. Alitoka nyumbani kabla ya jua, akarudi limezama, akala haraka, akalala. Alichonga watu wa ukoo wakipandiana, mmoja juu ya mabega ya mwingine, kama wachongavyo kwao. Chini kabisa alikuwa Editha, amewabeba wote. Juu yake Felicitas na kaka yake Gibson, halafu wazee waliotangulia, halafu watoto wasiozaliwa bado, na pembeni, mdogo, anashikilia kiuno cha mtu, Kasimiri mwenyewe. Watu kumi na wawili, kila mmoja na sura yake. Sauti iliachiwa njia katikati ya mikono na miguu, vipenyo vyembamba kama njiti za kiberiti, kwa sababu tundu kubwa lingemkata mtu uso.

Ndani alipachimba kwa uangalifu uleule. Alipafanya mviringo, akapiga msasa, akapaka nta, mpaka pakateleza. Ngoma huchimbwa hivyo. Alikuwa anachimba ngoma tangu ana miaka kumi na mitano, na kila mtu kwao anajua kwamba ndani pakiwa pa mviringo na laini, mti unalia vizuri. Mikono yake ilijua jambo hilo moja kuhusu mti na sauti, ikalitimiza kwa ukamilifu.

Siku ya kurekodi vibanda vizima vilikuja kuona. Kasimiri wa twiga, ambaye hajawahi kusifu kazi ya mtu, alipiga mluzi na kuvua kofia. Nurdin aliishika ile maiki kwa mikono miwili kama amepewa mtoto. Editha alivaa kitenge chake cha kanisani. Aliketi kwenye chumba kile chenye mablanketi ukutani, akaongea saa nzima. Alisimulia hadithi za sungura, akaimba nyimbo za kuhesabia vidole, akasali sala ya asubuhi, akaeleza namna ya kuchemsha ming'oko, mizizi ya porini ya kwao, isiwe migumu. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ilikuwepo, na pale kwenye kuhesabu vidole alicheka.

Kasimiri alikaa pembeni muda wote akiitazama maiki. Nurdin alikuwa na spika za masikioni. Dakika ya tatu uso wake ulibadilika. Akagusa kitufe hiki, akagusa kile, akamtazama mzee, akawatazama watu waliojaa mlangoni wakitabasamu, akainamisha kichwa na kuendelea na kazi. Mwisho alisema, "Hongera mzee, hongera mama." Adabu hizi zetu zina siku zake za kutuponza.

Kwa siku tisa Nurdin alihangaika na ile sauti kwenye kompyuta, akipunguza huku na kuongeza kule. Siku ya tisa akapiga moyo konde, akaja Mwenge na kompyuta begani na jagi la plastiki mkononi.

"Mzee, naomba usinikasirikie," alisema. Akaweka mdomo ndani ya jagi na kusema, "Habari za asubuhi, watoto." Sauti ikavuma. "Ndivyo mama anavyosikika."

Kasimiri akavaa spika za masikioni. Humo ndani kulikuwa na mwanamke fulani, mnene, mzito, amefungiwa kwenye tangi la maji na anaita kutoka chini. Kila herufi ya puani ilivuma kama nyuki na kila "s" ilipotea. Kicheko cha kwenye vidole kilisikika kama mtu anayegonga debe. Alisikiliza mpaka mwisho wa hadithi ya kwanza, akavua.

"Kisahani si kilekile?"

"Kilekile, mzee. Ishu ni ganda. Hiki kitu kinasikia mbele na nyuma. Wewe umekiziba mgongo, na mbele umekiachia vijitundu. Sauti ikishaingia haina pa kutokea. Inazunguka, inagonga ukuta, inarudi kwenye kisahani mara ya pili, ya tatu. Na ukuta wenyewe umeulainisha, ndiyo inateleza vizuri."

"Ngoma inachimbwa hivyo."

"Ngoma inatakiwa iwe na sauti yake, mzee. Maiki haitakiwi kuwa nayo. Humu mti unatakiwa ukae kimya."

Kasimiri aliziweka zile spika juu ya benchi. Miaka arobaini na minne amekuwa akiufundisha mti kusema, na leo kijana wa juzi anamwambia ulitakiwa unyamaze. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alielewa mara moja.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekwambiaje? Watu wote wamekuja kukushangilia." Nurdin alikuwa anatazama chini. "Tukate bomba jingine, mzee. Mchana huu huu tunamaliza, kesho mama anakuja."

"Nimeharibu kwa mti, nitatengeneza kwa mti," Kasimiri akasema, na hapo akawa amekosea mara ya pili. Zilikuwa zimebaki siku saba.

Kazi waliifanyia kibarazani kwa Nurdin, kwa siku tatu, wakikata na kujaribu, wakikata na kujaribu. Kwanza alifungua mbele. Wazee wawili waliotangulia wakaenda na msumeno, na Gibson, na ile sura yake mwenyewe iliyoshikilia kiuno. Nurdin akasoma gazeti mbele ya maiki, wakasikiliza. Sauti ilikuwa imetoka kwenye tangi, lakini imesimama mlangoni. Akafungua nyuma. Hapo wakaenda watoto wasiozaliwa, na Felicitas. Sauti ikawa nyepesi ghafla, kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Ila ilibaki na mlio mwembamba kwenye kila "s", na siku nzima ya pili waliutafuta mlio ule bila kuupata.

Aliyeupata ni Kasimiri, kwa kidole. Alipapasa sakafu ya lile ganda, chini tu ya kisahani, pale alipopaka nta mpaka pakang'aa. Sauti ilikuwa inadunda pale na kurudi juu. Akachukua patasi akaiparua sakafu yote, akaifanya mteremko wenye makovu, na akajizuia asiipige msasa. Kwa fundi kuacha kazi imeparuzwa ni sawa na kutoka nje bila suruali. Akatandika kipande cha blanketi juu yake, akakiinua kisahani vidole vitatu kutoka hapo, akazungushia wavu wa chujio la chai. Watu kumi na wawili walikuwa wamebaki nguzo nne nyembamba na, chini kabisa, Editha asiyebeba mtu.

Nurdin akasoma habari ya bei ya korosho. Wakasikiliza. Alisikika Nurdin, si zaidi wala pungufu.

"Umenyamaza," Nurdin akasema, na alimaanisha mti.

Kasimiri alizikusanya zile sura kutoka sakafuni, akazitia kwenye mfuko. Aliumia. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya maishani mwake, na sasa mkononi mwake ilikuwa mabaki ya kuni. Lakini alijipa moyo kwamba kesho yake mke wake ataongea na sauti itakuwa yake.

Editha alikuja kwa bajaji, Alhamisi, siku nne kabla ya upasuaji. Alikuwa amekonda. Nyumbani siku hizo alikuwa akimwita mumewe kwa kupiga makofi na kuonyesha kwa mkono, na Kasimiri alidhani anaitunza sauti kwa ajili ya siku hii. Safari hii hakukuja mtu kutazama. Kasimiri alikaa upande wa Nurdin, akavaa spika za masikioni yeye mwenyewe, na upande wa pili wa kioo Editha akasogea mbele ya maiki.

"Hujambo, mjukuu wangu," alisema.

Kasimiri akashika meza. Ile maiki haikuficha kitu. Alisikia hewa ikikwangua njia yake kuingia. Alisikia mluzi mdogo kila alipovuta pumzi, na maumivu ya kumeza mate, na maneno yanayoanza vizuri na kuishiwa kabla ya kufika. Ilikuwa sauti ya mke wake kweli, hakuna mti juu yake, na ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imekwisha ndani ya nyumba anayolala, na yeye hakuisikia. Ile nzima, au iliyokaribia kuwa nzima, ile iliyocheka kwenye kuhesabu vidole, ndiyo iliyomo ndani ya tangi, na Nurdin alikwisha sema hakuna kompyuta itakayoitoa.

Editha alijitahidi dakika kumi. Alimwambia mtoto jina lake yeye Editha, jina la mama yake mzazi, na kwamba asiogope mvua. Wimbo wa vidole aliuanza akafika kidole cha tatu, akaacha. Akainua mkono kuonyesha kwamba basi.

Kasimiri alivua spika, akaingia kule chumbani, akapiga magoti karibu na kiti. Hakuna aliyekumbuka kuzima.

"Mama Feli, nisamehe. Ile siku ya kwanza ulikuwa bado una sauti. Nimeiharibu mie, kwa mikono yangu."

Editha alimtazama. Akavuta pumzi mara mbili, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Si siku ile," alisema polepole. "Kabla ya siku ile. Siku ishirini na tano ulikuwa Mwenge. Mie niko nyumbani, nina sauti, naongea na kuta." Akapumzika. "Sikukuomba kinyago, Baba Feli. Ungekaa tu. Tungeongea."

Kasimiri alitaka kusema kwamba kila tezo aliyopiga alikuwa akimfikiria yeye, na ni kweli, lakini aliona ukweli huo haumsaidii mtu. Editha alimshika kichwa, akamfuta vumbi la mbao lililokuwa kwenye nywele zake, akasimama.

"Twende nyumbani," alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Editha alitoka hospitali na tundu shingoni, kitambaa cheupe juu yake, na madaftari mawili ya shule. Mwezi wa tisa Felicitas alijifungua mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake. Wiki ile ile Nurdin alimpigia simu Kasimiri akiwa kibandani.

"Shikamoo mzee. Nimeshaandaa ya mtoto, namtumia sista Felicitas leo. Imekaa safi. Sasa kule mwisho kuna... yale mliyoongea wewe na mama. Nilisahau kuzima. Nimeyakata, nataka niyafute. Nifute?"

Wa twiga alikuwa akibishana na mteja kibanda cha pili, na Kasimiri alilazimika kuziba sikio moja.

"Usifute. Niletee mie."

"Mzee, yanauma yale."

"Najua. Yale aliyomwambia mtoto ni ya mtoto. Haya ndiyo aliyoniambia mie."

Akakata simu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Juu ya benchi kulikuwa na ganda la mteja wa Tandika, limefika nusu, na mteja alikuwa analitaka siku hiyo hiyo. Kasimiri alilifunika kwa gunia, akafunga kibanda, akaenda Mlalakuwa kwa miguu.

Editha alikuwa uani anachambua mchele. Alipomwona akasimamisha ungo, akavuta daftari, akaandika: Unaumwa?

Kasimiri akatikisa kichwa. Akaleta kigoda, akakaa mbele yake, karibu, magoti yakigusana na ungo.

"Niambie," alisema.

Editha alimtazama kwa muda, kama anayepima kama kweli. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika, na aliandika mengi, na Kasimiri alikaa akasubiri mpaka alipomaliza.